Fundi Anajibu: Peji ya kwanza iko sawa, zilizobaki ni takataka

SWALI: Fundi habari za kazi. Naandika draiva ya Linux ya kadi inayokusanya data za sensa. Mwanzo nilikuwa natumia copy_to_user (inanakili data kutoka kerneli, yaani kiini cha Linux, kwenda kwenye programu) kila programu ikisoma, ikawa nzito, prosesa inachoka kwa kunakili tu. Nikatengeneza bafa ya MB 1 kwa vmalloc (inayotoa memori ya kerneli), halafu kwenye mmap ya draiva (inayoifungulia programu memori hiyo iisome moja kwa moja) nikachukua namba ya peji ya kwanza ya memori kwa vmalloc_to_pfn na kuita remap_pfn_range, ya kuziunganisha peji na programu, mara moja kwa saizi yote. Programu inafunguka fresh, baiti 4096 za mwanzo ni data yangu kabisa, kuanzia hapo takataka tupu. Siku ya tatu hii silali. Nakosea wapi?

JIBU: Asante sana kwa kuitaja hiyo 4096, maana jibu liko hapo hapo. Hiyo ndo saizi ya peji moja ya memori kwenye mashine nyingi, na vmalloc inakupa anwani zinazofuatana kwa macho ya kerneli tu, kule kwenye RAM yenyewe peji zimetawanyika, moja huku nyingine kule. Sasa remap_pfn_range inachukulia kwamba peji zimepangana, ukiipa namba ya kwanza inahesabu moja moja kwenda mbele, kwa hiyo kuanzia peji ya pili programu yako inasoma memori isiyo yako kabisa! Usiichukulie poa, inaweza kuwa data ya programu nyingine au ya kerneli, na kama umeruhusu kuandika ndo balaa, mashine nzima inaweza kuanguka. Naomba uitoe hiyo draiva leo, usiiendeshe kwenye mashine yenye kazi zako za maana mpaka urekebishe.

Kurekebisha sio kazi. Bafa itengeneze kwa vmalloc_user, kisha kwenye mmap ita remap_vmalloc_range, hiyo inapita peji kwa peji yenyewe na programu ikiomba zaidi ya saizi ya bafa inakataa. Vmalloc ya kawaida usiipeleke huko, itakurudishia kosa la EINVAL. Kingine ni kwamba vmalloc_user inakuja imejazwa sifuri, na hilo ni la muhimu kuliko watu wanavyodhani, maana peji isiyosafishwa inabeba mabaki ya aliyeitumia kabla yako. Kama kadi inaandika yenyewe kwenye memori kwa DMA (bila kupitia prosesa) basi njia ni nyingine, dma_alloc_coherent pamoja na dma_mmap_coherent.

Ila ndugu yangu, linaloniumiza kichwa zaidi hujaliuliza. Ukishashea memori na programu, kila kilichomo humo chukulia kimeandikwa na adui, hata kama programu umeandika mwenyewe. Nimeona draiva nyingi zinaweka namba ya "nimefika wapi" ndani ya bafa yenyewe, draiva inaisoma, inaangalia haijazidi, halafu inaisoma tena ili iitumie. Katikati ya kusoma kwa kwanza na kwa pili programu imeshaibadilisha, na draiva inaandika nje ya bafa. Isome mara moja tu kwa READ_ONCE, iweke kwenye variabo yako ndani ya kerneli, ikague hiyo, itumie hiyo hiyo. Na namba ya draiva mwenyewe ya kuandikia itunze upande wako, kwenye bafa unaweka nakala ya kutangaza tu, kwa smp_store_release ili data itangulie namba, na programu nayo iisome kwa acquire (namba kwanza, data baadaye), la sivyo itaona namba mpya na data ya zamani.

Halafu angalia unapofuta bafa. Programu ikifunga faili mmap haifi, inaendelea mpaka munmap (programu iiachie hiyo memori) au programu yenyewe iishe, na release ya draiva (inayoitwa faili likishaachwa kabisa) inasubiri mpaka hapo. Basi futa kwenye release, usifute kwenye ioctl (amri ambazo programu inaitumia draiva).

Na kama sensa inatoa baiti mia mbili tu kwa sekunde, rudi kwenye copy_to_user, kwa data kidogo hivyo huu usumbufu wote haulipi.

Ukimaliza jaribu hivi: draiva ijaze kila peji kwa namba yake, 0 mpaka 255, programu izisome zote kwa mpangilio. Ikikosea hata moja niandikie imekosea peji ya ngapi.