Malawi kwa gari na watoto: usikimbilie mpaka

Ikikaribia likizo ya Juni huwa naulizwa na majirani na ndugu hapa Mbeya: "Dada, tunataka kuwapeleka watoto Malawi, usiku wa kwanza tulale wapi?" Nikiwajibu Kyela, wanacheka. Kyela si bado Tanzania? Ndiyo, bado Tanzania, na mkalale huko huko.

Kwenye ramani safari ni fupi kweli. Kutoka Uyole hadi mpakani Kasumulu ni zaidi kidogo ya kilomita 100, na ukishavuka mto Songwe ukaingia Malawi, mji wa Karonga hauzidi kilomita 50 hivi. Dereva akiwa peke yake anatoka Mbeya asubuhi na chakula cha mchana anakula Karonga. Baba watoto wangu ni mtu wa namna hiyo, kwake kusimama njiani ni kama kushindwa mechi. Lakini ukiwa na watoto nyuma ya gari, kilomita hazihesabiwi hivyo. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Ndani ya asubuhi moja mtoto anashuka zaidi ya kilomita nzima: masikio yanaziba, sweta linavuliwa, kona za kuteremka kutoka Tukuyu zinamchafua tumbo. Akifika chini anakutana na joto la Kyela, kisha na foleni ya mpakani. Mtoto aliyetapika njiani na kukaa juani kwenye foleni, hata umwoneshe mifupa ya dinosaria Karonga atakwambia anataka kwenda nyumbani.

Ndiyo maana siku ya kwanza tunaiachia Rungwe na Kyela peke yake. Tunatoka baada ya chai, bila kuamshana alfajiri. Kiwira tunasimama kununua ndizi na maparachichi, na kama watoto bado wana nguvu tunachepuka kwenda kuona Daraja la Mungu, lile la mwamba juu ya mto. Usiku tunalala Kyela mjini, au Matema kama tuna muda, ambako milima ya Livingstone inashuka hadi ziwani na watoto wanacheza mchangani mpaka giza. Mnaotoka Iringa au Njombe ongezeni usiku mmoja Mbeya au Tukuyu. Barabara ile ya malori inamaliza siku nzima, na aliyeshinda nyuma ya semitrela zinazopanda mlima hafai kuanza kuteremka Tukuyu jioni.

Kuhusu kutapika: asubuhi ya safari hakuna chipsi wala maziwa. Chai ya tangawizi isiyo na maziwa, mkate mkavu, basi. Simu na tableti zinafungwa kuanzia Tukuyu, maana kinachowachafua zaidi ni kuinamia kioo huku gari linapinda. Dereva naye ateremke kwa gia ndogo, asikanyage breki kila kona. Hapo ataokoa breki na matumbo pamoja.

Sasa mpaka. Hapa ndipo usiku wa Kyela unapolipa, kwa sababu mnafika Kasumulu asubuhi watoto wamelala vizuri, wamekula, na jua halijawa kali. Kila mtoto awe na hati yake ya kusafiria, hata anayenyonya. Pasipoti ni bora. Kama muda umebana, ofisi ya uhamiaji inatoa hati ya dharura. Watanzania hatuhitaji viza ya matembezi kuingia Malawi. Beba vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na kama mzazi mmoja hayuko nanyi safarini, beba barua yake ya ridhaa iliyogongwa muhuri wa mwanasheria. Usiichukulie barua hiyo kama urasimu tu. Ofisa wa dirishani huwa anamwinamia mtoto na kumuuliza yeye mwenyewe: "Huyu ni nani yako? Mnakwenda wapi?" Binti yetu wa katikati aliwahi kukaa kimya kwa aibu, akajificha nyuma ya gauni langu, na foleni yote ikatugeukia. Cheti cha kuzaliwa ndicho kilichojibu. Tangu hapo tunawaambia mapema kwamba wataulizwa, na kwamba wajibu ukweli kwa sauti.

Gari nalo lina karatasi zake. Kadi ya gari iwe ile halisi, si fotokopi. Kama gari si lako, au bado lina mkopo, uwe na barua ya mwenye gari au ya benki. Chukua bima ya COMESA, ile wanayoiita kadi ya njano, kwa kampuni ya bima yako kabla ya kuondoka. Isichanganywe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Ni ya njano pia, lakini ile ni ya mtu, hii ni ya gari. Upande wa Malawi forodha watakupa kibali cha muda cha kuingiza gari. Angalia tarehe yake ya mwisho, na kitunze mpaka siku ya kutoka. Polisi wa barabarani kule wana vizuizi vingi na hupenda kuona pembetatu za kuakisi, zibebe mbili, pamoja na kizimamoto ambacho muda wake haujaisha.

Vishoka, wale mawakala wasio rasmi, watakufuata tangu unapofungua mlango wa gari. Salimia kwa heshima, sema asante, nenda dirishani mwenyewe. Asipewe pasipoti mtu asiyekaa nyuma ya dirisha. Fedha vilevile, usibadilishe kwa watu wanaotembea na mabunda mkononi, maana ukiwa na mtoto anayelia huwezi kuhesabu noti. Mmoja wenu abaki kwenye kivuli na watoto, mwingine ashughulike na karatasi, kisha mbadilishane pale tu sura ya mtu inapohitajika. Sisi watoto tunawapa kazi ya kuhesabu malori kwa namba za nchi: Zambia, Kongo, Malawi, ya kwetu. Foleni inageuka mashindano.

Jaza tangi Kyela kabla ya kuvuka. Mafuta Malawi yamekuwa yakiadimika mara kwa mara miaka hii, na kusubiri kwenye foleni ya sheli na watoto ni likizo iliyoharibika. Halafu rudisha saa nyuma kwa saa moja. Hili linaonekana dogo, ila mwezi Juni jua la Karonga linazama mnamo saa kumi na moja na nusu jioni kwa saa zao. Anayepanga kuendesha hadi saa kumi na mbili kama alivyozoea atajikuta gizani, na barabara ile usiku ina baiskeli zisizo na taa, mbuzi, na malori yaliyoharibika katikati ya njia. Saa tisa mchana gari letu huwa limeshaegeshwa.

Karonga wengi wanaipita tu. Sisi tunalala. Kuna makumbusho yenye mfano wa mifupa ya Malawisaurus, dinosaria aliyechimbuliwa wilaya hiyo hiyo, na mtoto wa miaka minane hahitaji kingine asubuhi nzima. Kiswahili mtaelewana, na kama nyumbani mnasema Kinyakyusa, Wangonde ni ndugu kabisa. Bibi aliyetuuzia usipa, dagaa wa ziwa hili, sokoni alianza kuwauliza watoto ukoo wao.

Baada ya hapo chagua sehemu moja tu ya ziwani, mkae. Chitimba inatosha, ina ufukwe mrefu. Kutoka pale kuna njia ya kupanda Livingstonia, mji wa misheni uliowekwa na Waskoti mwaka 1894 juu ya mlima kukimbia malaria ya ufukweni, lakini kona zake ni kali mno. Kama una watoto wadogo iache, wataikuta wakikua. Mzuzu na Nkhata Bay ni za wenye wiki mbili. Mwenye wiki moja anayejaribu kuona vyote hivyo atakuwa anawaonesha watoto dirisha la gari.

Watoto wa Mbeya hawajazoea mbu, kwa hiyo chandarua ni mzigo wa kwanza kuingia kwenye buti, na homa yoyote huko au baada ya kurudi ipimwe malaria siku hiyo hiyo. Kuogelea waogelee mahali penye mchanga na mawimbi. Penye matete na maji yaliyotuama kuna konokono wa kichocho, na midomo ya mito ina mamba. Kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa mwera huchafua ziwa, hivyo ulizeni wavuvi kabla ya kupanda mtumbwi wowote.

Hata mkiwa waangalifu, waliooga ziwani wakaonwe na daktari kwa ajili ya kichocho. Si wiki mliyorudi, kwa sababu dawa ya praziquantel inaua minyoo iliyokwisha kukomaa, na kukomaa kwake huchukua wiki kadhaa. Dozi ya mtoto hutegemea uzito, kwa hiyo msigawane vidonge nyumbani. Mimi naandika kumbukumbu kwenye simu siku ile ile tunapovuka Songwe kurudi, kabla sare za shule hazijanisahaulisha.