Usisubiri Jina la Ulemavu: Kwa Unayeanza Kazi na Watoto Wadogo

Wewe uliyetoka chuoni juzi ukapangiwa kituo cha afya, au umepewa darasa la awali lenye mtoto ambaye hujui umwanzie wapi, ninaloomba ulishike kwanza ni hili: usingoje mtoto apatiwe jina la ulemavu wake ndipo uanze kumsaidia. Katika wilaya zetu nyingi daktari bingwa wa watoto yuko mbali, anayeujua usonji (autism) yuko mbali zaidi, na mama anaweza kuzunguka mwaka mzima akitafuta wa kumwambia mwanawe ana nini. Kwa mtoto wa miezi minane mwaka huo ni mrefu mno. Shingo isiyokaza, mkono mmoja usiofunguka ngumi, mtoto asiyegeuka akiitwa: hayo yanatosha kuanzia kazi. Jina litawakuta njiani.

Watoto wengi hukaa bila kuegemea wakifika miezi 9, na hutembea wenyewe wakifika miezi 18. Akipita hapo, usimwambie mama "subiri, watoto hawafanani." Maneno hayo husemwa kwa nia njema kliniki, na nimeona yakichelewesha watoto hata pale ambapo hospitali iko karibu. Ukianza mapema na baadaye ikaonekana mtoto hana tatizo, hakuna kilichoharibika. Mama atakuwa amejifunza kucheza na mwanawe.

Machache hayasubiri hata wiki: kichwa kinachokua haraka kupita kiasi, mboni inayoonekana nyeupe mwanga ukiipiga, degedege, na mtoto aliyekuwa anajua jambo kisha akalipoteza. Mboni nyeupe inaweza kuwa mtoto wa jicho, inaweza kuwa saratani, na kote kuwili kuchelewa kunagharimu. Kichwa kinachokua kwa kujaa maji mara nyingi huhitaji upasuaji, kama ule unaofanywa MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, Dar es Salaam. Unapoandika rufaa, uliza nauli itatoka wapi na mtoto wa pili ataachwa na nani, kisha mtafute afisa ustawi wa jamii kabla mama hajaondoka. Familia nyingi huishia na karatasi ya rufaa iliyokunjwa ndani ya kadi ya kliniki.

Baada ya hapo nenda ukaijue siku ya mtoto. Nani anamlisha, anaogeshwaje, mama akienda shamba au gengeni anabaki na nani. Nusu saa ya mazoezi kituoni mara moja kwa wiki haiwezi kushindana na saa zote zilizobaki. Ukimpa mama orodha ya mazoezi kumi atakuitikia kwa heshima na hatafanya hata moja, kwa sababu ana kuni, ana maji, ana watoto wengine. Mpe jambo moja linaloingia ndani ya kazi anayoifanya tayari.

Mimi huanza na kulisha, na ningependa nawe uanzie hapo. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo (cerebral palsy) mara nyingi hulishwa akiwa amelazwa chali mapajani, kichwa kimeanguka nyuma, uji mwepesi ukimiminwa upesi ili kazi nyingine ziendelee. Uji huo huingia njia ya hewa. Ndipo unasikia kwamba anakohoa kila akila, kifua hakiponi, uzito haupandi. Nimonia na utapiamlo huwaondoa wengi wa watoto hawa kabla hatujafika hata kwenye suala la shule. Kwa hiyo usione aibu kutumia ziara yako yote ya kwanza kwenye kijiko na kikombe.

Mwonyeshe kwa vitendo. Mtoto akae wima, nyonga zimekunjwa, mgongo umeegemezwa, kidevu kimeinama kidogo kuelekea kifuani. Mama akae mbele yake, macho kwa macho, kijiko kidogo kije kutoka mbele, kisije kutoka juu, maana kikitoka juu kichwa kitakifuata na koo litafunguka vibaya. Asubiri ameze ndipo aongeze. Uji uwe mzito kiasi cha kutomwagika ovyo kijiko kikiinama. Mwambie ukweli kwamba mlo utachukua muda mrefu kuliko alivyozoea, na msaidiane kutafuta nani mwingine nyumbani anaweza kushika zamu. Hapo hapo pana somo la lugha: ainue kikombe na kijiko, aulize "maji au uji?", angoje mtoto atazame anachokitaka, kisha ampe kile alichotazama. Mtoto akigundua kuwa macho yake yanaleta maji, ameanza kuzungumza.

Kubeba nako ni tiba. Miguu inayokaza na kupishana inahitaji kutanuka, basi abebwe ubavuni au mgongoni miguu ikiwa imeachana kiunoni mwa mbebaji. Kiti cha kona, ambacho mgongo wake una pembe inayomshika mtoto pande zote mbili, kinaweza kutengenezwa kwa maboksi, magazeti ya zamani na gundi ya unga uliopikwa. Kikikauka vizuri juani kinamstahimili mtoto. Fundi seremala wa jirani naye anaweza, ukimpa vipimo vya mtoto huyo mwenyewe.

Usimsahau bibi. Katika nyumba nyingi yeye ndiye mwenye neno la mwisho, na huenda akakwambia mtoto kachezewa. Mwamkie, kaa naye mkekani, msikilize. Ukibishana juu ya mashetani utaondoka mikono mitupu, lakini ukimwomba akuonyeshe anavyomlisha mjukuu wake, mtafanya kazi pamoja mpaka jioni. Na mama umwambie waziwazi, baba akisikia, kwamba hakufanya kosa lolote.

Mguu kifundo, yaani wayo uliopinda kuelekea ndani tangu kuzaliwa, nautaja kwa ufupi kwa sababu unatibika, na hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam wamekuwa wakiutibu kwa miaka mingi. Hogo, yaani plasta ngumu ya kunyoosha mguu, hubadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara tano hadi saba, wengi hukatwa kano ya kisigino kwa upasuaji mdogo, kisha vinafuata viatu maalumu: saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, halafu usiku tu mpaka miaka minne au mitano. Familia huachia kwenye viatu, kwa kuwa mguu umeshanyooka na unapendeza. Hapo ndipo ziara zako zinapohitajika, kuliko wakati wa hogo.

Mtoto unayemshuku kuwa hasikii usimpime kwa kugonga sufuria nyuma yake. Atahisi mtikisiko au upepo wa mkono wako, atageuka, nawe utaandika "anasikia." Mpeleke penye kipimo cha masikio. Na wakati majibu yanangojwa, mtafutie familia mtu mzima kiziwi wa eneo hilo awafundishe lugha ya alama. Kiziwi anayefika miaka saba bila lugha yoyote amenyimwa kitu ambacho shule haiwezi kukirudisha chote, na alama hazimzuii mtoto kujifunza kutamka.

Sasa shule. Akina mama wengi watakwambia: "Atembee kwanza, ndipo nimpeleke." Hakuna sheria inayodai mtoto atembee ndipo asome. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 inampa haki ya elimu kama wenzake. Lakini usiingie ofisini kwa mwalimu mkuu ukiwa umeitanguliza sheria. Mwalimu wa awali mwenye darasa lililojaa anaogopa, na hofu yake ina sababu. Waliosomea elimu maalumu katika chuo cha ualimu cha Patandi, Arusha, hawawezi kuwa katika kila shule. Nenda mwaka mmoja kabla, pamoja na mama na mtoto, na umuulize mwalimu anachoogopa hasa.

Mara nyingi jibu ni choo. Watoto wengi huondoka shuleni kwa sababu hakuna wa kuwapeleka chooni, hata pale ambapo masomo wangeyamudu. Kubalianeni kwa jina nani atampeleka, saa ngapi, na kama mlango unapitisha kiti cha magurudumu. Mwenye mgongo wazi (spina bifida) anayetolewa mkojo kwa mpira mwembamba anahitaji kufanyiwa hivyo kila baada ya saa chache, mahali safi penye faragha, na mwalimu ajue si ugonjwa wa kuambukiza. Mengine ni mepesi. Mwenye ualbino akae karibu na ubao, dirisha likiwa nyuma yake, avae kofia na mikono mirefu akitoka nje, na asidhaniwe kuwa miwani imemaliza tatizo lake la kuona. Kiziwi aone uso wa mwalimu, kwa hiyo mwalimu asizungumze akiwa ameugeukia ubao. Mwenye usonji aonyeshwe kwa picha kitakachofuata baada ya uji, na asilazimishwe kuimba na wengine wiki ya kwanza.

Mtoto akiwa anaelekea darasa la kwanza, kaa na mama na mwalimu wa awali mwandike ukurasa mmoja: anawasilianaje, anakaaje, analishwaje na kupelekwa chooni vipi, anapenda nini, nini kinamtisha. Ugonjwa wake uandikwe mwisho kabisa. Nakala moja abaki nayo mama, nyingine umkabidhi mwalimu mpya mkononi kabla ya shule kufunguliwa Januari, mtoto akiwepo, ili kama kuna neno halieleweki aulize papo hapo.