Maswali na majibu: dona, gesi na utumbo unaovimba

Shikamoo daktari. Nasikia nyuzinyuzi za kwenye mboga na nafaka hazimeng'enywi. Sasa zinazuiaje utumbo kuvimba? (Majengo, Moshi)

Marahaba. Sisi hatuwezi kuzimeng'enya, ila bakteria wa utumbo mpana wanaweza. Wanazichachua, kama mbege, pombe yetu ya ndizi, inavyochachuka, na kutoa asidi kadhaa. Mojawapo, butirati, ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo huo. Seli zikishiba, ukuta unakuwa imara na kinga ya mwili inatulia. Kwa panya wa maabara walionyimwa nyuzinyuzi, bakteria waligeukia ute unaolinda ukuta, wakaula.

Na si lazima tuangalie mbali. Mwaka 2025 watafiti wa hapa hospitali ya KCMC, Moshi, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walitoa matokeo ya wanaume 77 wa Kilimanjaro. Wa vijijini walipokula chakula cha kizungu wiki mbili tu, dalili za uvimbe (yaani kinga ya mwili kuwaka) katika damu zilipanda. Wa mjini waliorudia vyakula vya asili, zilishuka. Ni damu iliyopimwa, si utumbo wenyewe, na vyakula hivyo vina mengi zaidi ya nyuzinyuzi. Hata hivyo, matokeo hayo yananifanya nitetee kiburu (ndizi na maharage) na makande kwa moyo wote.

Si walipima na mbege? (Marangu)

Walipima, wiki moja, kwa kundi dogo, na uvimbe ulipungua. Lakini mbege ni pombe. Kama hunywi, usianze.

Nimeacha sembe nikaanza dona, tumbo linajaa gesi. Nirudi? (Mama, Pasua)

Usirudi, mama, punguza mwendo tu. Changanya dona na sembe nusu kwa nusu kwa wiki kadhaa, kunywa maji ya kutosha, na maharage yaloweke usiku kucha kisha umwage yale maji. Jingine: chambua mahindi kabla ya kusaga. Mahindi yenye ukungu huweza kuwa na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, ambayo hukaa zaidi kwenye pumba, na dona hubaki na pumba.

Mwanangu ana ugonjwa wa utumbo mpana kuvimba, siku hizi anatoa damu. Nimwongezee maharage? (Himo)

Hapana, si sasa. Ugonjwa ukiwa umewaka, wagonjwa wengine hupunguziwa vyakula vyenye makapi magumu, na penye utumbo uliosinyaa vinaweza kuziba njia. Asiache dawa. Mrudishe kwa daktari wake wiki hii, na damu ikiwa nyingi au akiishiwa nguvu, mpeleke leo.