Dawa za sonona: ugomvi wote ni wa pointi mbili

Mkuu, umeuliza kama dawa za sonona zinatibu kweli au ni imani ya mgonjwa tu. Wanaosema zinatibu na wanaosema hazitibu wanasoma takwimu zilezile. Kinachogombaniwa ni pointi mbili.

Pointi hizo ni za kipimo cha Hamilton: maswali 17, alama 0 hadi 52, na zikiwa nyingi ugonjwa ni mzito. Mwaka 2008 Irving Kirsch na wenzake walichambua majaribio yaliyopelekwa FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani. Alama za waliomeza dawa zilishuka zaidi ya za waliomeza vidonge visivyo na dawa, lakini kwa wastani wa pointi 1.8 tu. Basi, wengi wakafunga mjadala hapo.

Lakini fungua dodoso lenyewe. Usingizi pekee una maswali matatu, jumla alama 6. Dawa inayokulaza usingizi tu itaonekana imetibu, hata kama moyo bado ni mzito vilevile. Tena kuna swali la hamu ya kula na la hamu ya tendo la ndoa. Fluoksetini, moja ya dawa za sonona, inaweza kuharibu zote mbili, kwa hiyo inajipunja alama yenyewe. Kipimo kinadanganya pande zote mbili.

Halafu wastani unaficha watu. FDA walipochambua majaribio 232 (matokeo yalitoka 2022), walikadiria kwamba kama asilimia 15 hupata nafuu kubwa ambayo kidonge kitupu kisingewapa. Ndiyo maana jirani anaapa dawa imemwokoa na wewe huoni kitu, na hakuna mwongo kati yenu. Kwa sonona nyepesi mimi nisingekimbilia kidonge. Ikiwa nzito, hoja ya dawa ina nguvu zaidi.

Sasa, nyingi za "nilitumia haikufanya kazi" hazikuwa jaribio kamili. Mfano mkubwa ni amitriptilini: mtu anaanzishwa miligramu 25 usiku, anaachwa hapohapo miezi. Hicho ni kiwango cha maumivu na usingizi. Kwa sonona kawaida hupandishwa taratibu hadi 75 au zaidi, daktari akiangalia moyo. Fluoksetini huanzia miligramu 20 asubuhi. Wiki mbili za kwanza madhara hutangulia nafuu: kichefuchefu, wasiwasi, usingizi kuruka. Wengi huacha hapo. Wiki ya nne ikifika bila badiliko lolote, rudi ubadilishiwe kiwango au dawa. Aliye chini ya miaka 25 aangaliwe kwa karibu mwanzoni, mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka. Na aliyewahi kupandwa na furaha ya kupitiliza, akakaa siku kadhaa bila kulala wala kuchoka, amwambie daktari kabla ya kidonge cha kwanza.

Kuacha nako kunachanganya hesabu. Ukikata ghafla, hasa paroksetini au venlafaksini, ndani ya siku chache unapata kizunguzungu na mishtuko kichwani kama ya umeme. Watu husema "ugonjwa umerudi, kumbe dawa ilikuwa inafanya kazi". Sivyo: sonona ikirudi huja polepole, kwa wiki au miezi, na haina mishtuko hiyo. Punguza kwa hatua, na hatua za mwisho ziwe ndogo kuliko za mwanzo, kwa sababu kutoka miligramu 10 kwenda 0 ubongo huhisi pengo kubwa kuliko kutoka 40 kwenda 30.