Tenki jipya na samaki wanaokufa siku ya nne: komaza filta kwanza ndo ujaze samaki

Mkuu mleta mada pole sana kwa hao samaki. Nimesoma maelezo yako yote: tenki la lita 120, maji ya bomba ulijaza Jumamosi, Jumapili ukaweka goldfish sita na platy kumi, kufika Jumatano wanne washakufa na waliobaki wako juu wanavuta hewa, na dukani wamekwambia ununue ile dawa ya bluu. Nakujibu kwa urefu maana hili jambo linaua samaki wengi sana, na majibu mengi yanaishia "badilisha maji" halafu basi.

Cha kwanza hiyo dawa ya bluu usiweke. Samaki wako hawaumwi, wamekula sumu, na sumu yenyewe inatoka kwao. Dawa ya bluu (methylene blue) ni ya fangasi na vijidudu vya nje ya mwili, ukiimwaga kwenye tenki zima inaua na wale bakteria wachache walioanza kujishika kwenye filta, unarudi sifuri.

Leo hii fanya hivi: toa nusu ya maji, rudishia maji yaliyotolewa klorini na yenye joto linalokaribiana na la tenki, na urudie kila siku mpaka vipimo vya amonia na nitriti (sumu zenyewe, nazieleza hapo chini) vitulie. Chakula simamisha siku mbili, baada ya hapo wape kidogo sana siku moja moja, samaki mzima hafi kwa njaa ya siku mbili. Weka chumvi ya kawaida isiyo na madini ya joto, gramu moja kwa kila lita moja, yaani gramu 120 kwa tenki lako, iyeyushe kwanza kwenye ndoo ndo umimine taratibu, na ukibadilisha maji unafidia ile ya maji uliyotoa tu. Chumvi haiondoi sumu, ila kloraidi yake inaizuia nitriti isipenye kwenye mashavu ya samaki. Kama una mimea au kambale wadogo punguza nusu. Na kama kuna mtu unayemfahamu mwenye bwawa au tenki la siku nyingi, mpelekee wale goldfish, sita ni wengi mno kwa lita 120 na wanachafua maji kuliko platy kwa mbali.

Sasa tuje kwenye chanzo. Samaki anatoa amonia muda wote, sehemu kubwa inatokea kwenye mashavu yake anapopumua, sio kwenye kinyesi peke yake kama wengi wanavyodhani, alafu chakula kilichobaki chini kikioza nacho kinaongeza. Kuna kundi la bakteria linakula hiyo amonia na kutoa nitriti, na nitriti nayo ni sumu, inaingia kwenye damu na kuifanya isibebe oksijeni, ndo maana unamwona samaki anahema juu wakati pampu ya hewa inapuliza vizuri tu, na ukimwangalia mashavu yamegeuka rangi ya kahawia badala ya nyekundu. Kundi la pili la bakteria linakula nitriti na kutoa nitrati, hii samaki anaivumilia kwa kiasi kikubwa, wewe kazi yako ni kuipunguza kwa kubadilisha maji kila wiki isipite miligramu 40 kwa lita, ikiwa chini ya 20 ndo vizuri zaidi.

Hao bakteria hawaelei kwenye maji, wanajishika kwenye vitu: sponji ya filta, kokoto, mawe, hata kioo chenyewe. Kwa hiyo kuchota maji ya tenki la zamani na kumimina kwenye jipya hakusaidii chochote cha maana, japo watu wanafanya sana. Na wanazaliana taratibu mno, bakteria wengine wanajigawa kila nusu saa, hawa anaweza kumaliza siku nzima ndo wawe wawili, ndo maana tenki linaloanza bila chochote linachukua wiki 4 mpaka 6 kukomaa, yaani bakteria kuwa wengi wa kutosha kumaliza hiyo sumu, na kipande kirefu zaidi cha kusubiri huwa ni cha nitriti. Wale wanaosema "acha maji yakae siku tatu" wanazungumzia klorini kutoka, hilo ni jambo lingine kabisa. Maji yanaweza kukaa miezi mitatu bila samaki na bila chakula na yasikomae hata kidogo, kwa sababu hakuna amonia ya kuwalisha hao bakteria.

Na maji kung'aa hayakwambii kitu. Amonia haina rangi, tenki linaloua huwa linang'aa kama lile zima. Hata ule ukungu mweupe unaotokea siku za mwanzo sio dalili ya sumu yenyewe, ni bakteria wa aina nyingine wanaokula uchafu ulioyeyuka, unaondoka wenyewe, usisafishe filta kwa ajili yake.

Kwa hiyo nunua vipimo. Ningekuwa na hela ya kitu kimoja tu baada ya tenki na filta ningenunua vipimo vya matone, sio taa, sio mapambo. Karatasi za kuchovya zinakupa picha ya jumla na nyingi hazipimi amonia. Vile vya matone unachota mililita 5 kwenye kichupa cha kioo, unadondosha, unatikisa, unasubiri dakika tano na unalinganisha na kadi kwenye mwanga wa dirishani sio chini ya taa ya njano: kwa kit ninachotumia mimi (chapa ya API) amonia ikiwa sifuri maji yanabaki njano na ikipanda yanaelekea kijani, nitriti sifuri ni bluu ya anga na ikipanda inakuwa zambarau, nitrati inatoka njano kwenda chungwa mpaka nyekundu. Chupa ya pili ya nitrati inabidi uitikise kwa nguvu nusu dakika kabla ya kudondosha alafu kichupa nacho dakika nzima, maana dawa yake inaganda chini, usipotikisa inakupa sifuri ya uongo.

Njia ya kukomaza bila kutesa samaki ni hii. Washa kila kitu kama vile samaki wapo, filta na hewa saa 24. Kisha weka chanzo cha amonia. Ukipata amonia ya maji tupu kwenye duka la kemikali, ile ya asilimia 10, mililita 2.5 kwenye lita 120 inakupa kama miligramu 2 kwa lita na hiyo inatosha, ila tikisa chupa kwanza, povu likikaa juu ujue ina sabuni, achana nayo. Usiipumue wala kuichanganya na jiki.

Mimi kwa hapa Dar mara nyingi nimetumia kamba mbichi, wale wa kula (prawns). Unanunua kamba mmoja au wawili wa soko la samaki la Feri, wasio na chumvi wala limao, unawafunga kwenye kipande cha soksi ya nailoni na kuning'iniza kwenye kona karibu na filta. Baada ya siku mbili tatu soksi inaota utando mweupe kama pamba na ukifungua mfuniko harufu inakupiga, usiogope, hapo ndo amonia inapanda. Ikifika miligramu 3 au 4 kwa lita mtoe kamba, ukimwacha amonia inapita kiasi na ikizidi sana inawapunguza kasi haohao bakteria unaowataka. Kuanzia hapo unapima siku moja moja, amonia itaanza kushuka na nitriti kupanda, unaongeza amonia kidogo au chakula kidogo cha samaki ili kundi la kwanza lisife njaa, alafu siku moja nitriti inashuka ghafla. Kipimo cha mwisho: weka amonia ifike 2, kesho yake muda uleule upime, amonia sifuri na nitriti sifuri na nitrati imepanda. Hapo filta yako inaiweza kazi. Badilisha maji asilimia 50 mpaka 70 kutoa nitrati, ndo uende kununua samaki.

Njia ya mkato halali ni moja tu, sponji ya mtu mwenye tenki lililokwisha komaa. Muombe akukamulie filta yake ndani ya ndoo yenye maji ya tenki lake, ile kahawia nzito inayotoka ndo mali yenyewe, mimina palepale filta yako inaponyonya, au bora zaidi akupe kipande cha sponji ukichomeke ndani ya filta yako. Ibebe ikiwa imelowa, kwenye mfuko wenye hewa nyingi, na isikae njiani nusu siku. Kwa njia hii nimeona tenki linakamilika ndani ya wiki moja au mbili. Hakikisha tu tenki la huyo mtu halina ugonjwa maana unabeba na vilivyomo. Hizi chupa za bakteria za dukani sizikatai, ila ni viumbe hai na chupa iliyokaa miezi kwenye kabati la duka lenye joto la Kariakoo siiamini, pia angalia ndani kuna nini: vitabu vya zamani vyote viliandika Nitrobacter ndo wanakula nitriti, mwaka 1998 Hovanec na wenzake wakaonyesha kwamba kwenye akwariamu za maji yasiyo ya chumvi kazi hiyo inafanywa na Nitrospira, kwa hiyo chupa iliyoandikwa Nitrobacter peke yake usiitegemee.

Kuhusu maji. Ya bomba yana klorini na klorini ni ya kuua bakteria, haichagui. Acha kwenye ndoo wazi na pampu ya hewa saa 24, au tumia dawa ya kutoa klorini. Yaliyokaa siku kadhaa kwenye tenki la maji la juu ya nyumba huwa yamepungukiwa lakini usikisie, hasa siku maji yametoka na harufu kali. Wa visima vya pwani mara nyingi mna maji magumu na pH ya juu (yaani yana asidi kidogo), hapo bakteria wanafurahi ila amonia inakuwa kali zaidi. Kwenye joto letu la nyuzi 28, pH ikiwa 7 sehemu ya amonia iliyo sumu kweli haifiki asilimia 1, pH 8 inakuwa kama asilimia 6, pH 9 inapita theluthi. Ndo maana mtu wa Mbeya mwenye maji ya pH ya chini anaweza kuwa na amonia 1 na samaki wakavumilia na wewe wa kisima cha pwani kwa namba hiyohiyo ukazika. Maji laini yana tatizo la upande wa pili, hao bakteria wanakula kaboneti iliyo kwenye maji wakifanya kazi, pH inashuka, ikienda chini ya 6.5 wanalegea na karibu na 6 wanakaribia kusimama. Dawa ni kuweka makombe ya baharini yaliyooshwa ndani ya filta au kijiko kidogo cha baking soda. Joto pia: Dar huhitaji heta, ila Arusha, Iringa, Nairobi maji yakiwa nyuzi 19 au 20 usiku kazi inachukua muda mrefu zaidi, weka heta ifike 27 mpaka wakomae.

Umeme sasa, hapa ndo wengi wanapoteza kila kitu baada ya kumaliza kazi. Bakteria hawa wanahitaji oksijeni. Filta ya mkebe (canister) iliyofungwa ikizimika, ndani ya saa chache oksijeni imeisha, wanaanza kudhoofika, na umeme ukirudi inatapika uchafu wote huo kwa samaki. Ikizimika muda mrefu ifungue, suuza kwa maji ya tenki, ndo uwashe. Mimi nimeamua kwenye kila tenki kuwe na filta ya sponji ya hewa hata kama kuna ile kubwa, maana sponji iko ndani ya maji wazi na pampu ndogo ya USB inaenda na pawabenki usiku kucha. Na sponji usioshe bombani kamwe, ioshe kwenye ndoo ya maji uliyoyanyonya kwenye tenki.

Mwisho kujaza. Bakteria wanakuwa wengi kulingana na chakula wanachopata, kwa hiyo kama umekomaza kwa sponji ya jirani bila kupima amonia 2 kwa siku, anza na platy wanne au watano, kaa wiki mbili ukipima, ongeza wengine wachache. Ila mbuna, wale samaki wa kwenye mawe wa Ziwa Nyasa, ni tofauti na watu wanawakosea sana hapa. Mbuna anagawana mawe, ukiweka watano leo na watano mwezi ujao wale wa kwanza wanawaua wageni. Hao unakomaza filta kwa amonia mpaka inamaliza 3 au 4 kwa siku, alafu unaweka watoto wote siku moja, na kwa pH yao ya 8 na zaidi huna nafasi ya kubahatisha. Na sio kwa lita 120 mkuu, mbuna wanataka tenki refu.

Pima amonia, nitriti na pH leo kabla hujabadilisha maji, uweke namba hapa na useme maji yako ni ya bomba au kisima, na filta ni ya aina gani, nikuambie tunaenda na wale platy waliobaki au inabidi uwahamishe kwanza.