Kabla ya Kuuliza Wati, Pima Mzigo

Juzi kijana mmoja wa Muheza kanitumia ujumbe: "Kaka, nimepata mota ya wati 3,000 kwa bei nzuri, niifunge kwenye baiskeli ya mizigo?" Sikumjibu siku mbili. Nilijiona mwenyewe miaka minne iliyopita.

Mimi ni fundi wa kusuka upya waya za shaba za mota, Ngamiani, Tanga. Pampu, feni, mashine za kusaga, nimesuka hadi vidole vikaota sugu. Tanga ni mji wa baiskeli, kwa hiyo habari za baiskeli za umeme zilipofika nikaona zamu yangu imewadia. Akaja mteja anayefuata mboga Lushoto, kule milimani. Nikamwambia, kifua mbele, nakuwekea mota kubwa, utasahau kukanyaga. Nikamfungia ya wati 1,500, nzito, ya kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma.

Chumbageni hadi Raskazone iliruka kama swala. Tukaipandisha kwenye gari hadi Mombo, chini ya mlima, akaanza kupanda. Hata Soni hajafika, harufu ya vanishi ya waya za mota inayoungua ikatoka, na moshi juu. Akaniambia mbele ya watu, "Rudi kwenye feni zako." Neno lile bado linaniuma.

Nilisuka shaba upya, lakini haikurudi kuwa ile. Ndipo nikaelewa. Mota ya aina ile huzunguka sawasawa na gurudumu. Mlimani gurudumu linajikokota, mota inavuta ampia nyingi, yaani mkondo mkubwa wa umeme, ili lisisimame, na ampia zikiwa mara mbili joto la kwenye shaba huwa mara nne. Na ndani ya mota kuna sumaku: zile za neodimiamu za kawaida zikivuka nyuzi joto 80 hivi huanza kupoteza nguvu, na zikipoa nguvu hiyo hairudi yote. Shaba nilikuwa naijua. Sumaku sikuwahi kuzifikiria.

Mwezi uliopita nilirudi Mombo na mota ya wati 750, nyepesi, inayokaa kwenye pedeli na kusukuma kupitia cheni na gia. Ukiweka gia ya chini, mota inazunguka kasi huku gurudumu likienda taratibu, ampia zinabaki chache. Safari hii nilipiga hesabu kwanza: mimi, baiskeli na mzigo ni kilo 140, na kupanda ni kama mita 1,000. Kunyanyua tu uzito huo ni karibu wati-saa 380. Nikaongeza za barabara na zinazopotea, nikabeba betri ya volti 48, ampia-saa 20, yaani wati-saa 960. Soni nilishika kasha la mota: la moto, ila mkono unakaa. Lushoto nikaingia na viazi vyangu. Yule mteja sikumpigia simu, ingawa nilitamani.

Vijana, acheni kununua namba kubwa! Hata wenye viwanda wanahangaikia wepesi. Kampuni ya YASA ya Uingereza, iliyotoka Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 2009, inatengeneza mota nyepesi, bapa kama sahani, na Mercedes-Benz wakainunua mwaka 2021. Kila kilo ya mota unaipandisha mlima wewe mwenyewe, kwa betri yako. Pima mzigo. Pima kilima. Halafu pima mzigo tena.

Mdogo wangu wa Muheza, nitumie uzito wako, wa baiskeli na wa mzigo, na uniambie kama unapanda milima ya Amani au unaishia mjini. Hiyo ya wati 3,000 usiilipie kwanza.