Kwa wadogo zangu mnaokabidhiwa maabara ya uhandisi wa umeme ya mwaka wa nne

Wiki hii nimepitia ripoti za jaribio la transfoma zilizosahihishwa na mhadhiri msaidizi wetu mpya. Karibu darasa zima limeandika upotevu wa kiini (nguvu inayopotea kwenye chuma cha transfoma) uleule, hadi desimali ya pili, na karibu darasa zima limepata alama za juu. Nilipomwita akanijibu kwa heshima zote: "Mwalimu, si ndilo jibu lililoko kwenye mwongozo?"

Ndilo. Na hapo ndipo penye ugonjwa. Transfoma ileile ikipimwa na vikundi tofauti, kwa saa tofauti, haiwezi kutoa namba moja mpaka desimali ya pili. Volti zikishuka kwa asilimia 5 tu, upotevu wa kiini unashuka kwa karibu asilimia 10, kwa kuwa unafuata mraba wa volti au karibu na hapo. Hata kwa variaki nzuri, kile kifaa cha kupandisha na kushusha volti, mkono wa mwanafunzi na jicho lake kwenye mshale wa mita vitaacha tofauti. Namba zikifanana namna ile, ujue zimetoka kwenye desa, yaani ripoti za zamani za kunakili.

Kozi yenyewe mnaijua. Wanafunzi wamerudi kutoka mafunzo kwa vitendo, wameshavaa kofia ngumu na kupiga picha kwenye kituo cha kupozea umeme, wana mradi wa mwaka wa mwisho kichwani, na maabara yako wanaiona kama deni la kulipa haraka. Ninyi nao mmemaliza uzamili juzi, mmepewa faili la mwongozo, ufunguo na orodha ya majina. Nawapenda sana, na kila semista mnanichosha kwa mambo yaleyale. Basi tuyaseme.

1. Fanya kila jaribio mwenyewe kabla ya wanafunzi, kila semista, hata kama ulilifanya mwaka jana. Unganisha waya kwa mikono yako na uandike namba kwa kalamu yako.

2. Mheshimu fundi sanifu wa maabara. Anza na shikamoo, kisha muulize ni mashine ipi inasumbua. Yeye ndiye anayejua voltimita gani inasoma juu, breka gani inachelewa kuachia, na benchi lipi liliwahi kumrusha mtu. Kijana mmoja tuliyekuwa naye, mwenye alama nzuri mno, alitaka kuwaonyesha wanafunzi mota ya DC ya shanti. Ilikuwa inazunguka bila mzigo, akaona waya wa uga, ule unaolisha koili za sumaku yake, umelegea, akanyoosha mkono autoe aukaze vizuri. Nadharia aliijua kuliko sisi wote: uga ukikatika mota inakimbilia kasi isiyo na kikomo, na bila mzigo hakuna cha kuizuia. Aliijua kwenye karatasi ya mtihani. Fundi alikuwa upande wa pili wa chumba, akauona ule mkono, akapiga kitufe cha dharura kabla haujafika. Hakumgombeza. Alimwambia tu, "Dokta, hii ikilipuka vipande vinafika dirishani." Kijana hakuwa hata dokta wakati ule. Leo ni dokta, na ukiingia maabara yake unamkuta anakagua waya za uga kabla ya salamu.

Transfoma ya mkondo, ile ya kupimia mikondo mikubwa, nayo: upande wa pili usiachwe wazi wakati upande wa kwanza una mkondo. Ukitaka kutoa ampimita, funga kwanza ncha zake kwa waya mfupi. Waambie kila wiki, hata wakichoka kusikia.

3. Toa alama kwa kipimo, usitoe kwa jibu.

Hili nitalisema kirefu, maana nililikosea na waliolipa si mimi.

Nilipokuwa mhadhiri msaidizi kama ninyi, nilirithi jaribio hilihili la transfoma: saketi wazi, saketi fupi, kisha ufanisi. Nakala ya mwalimu ilikuwa na majibu ukurasa wa mwisho. Upotevu wa kiini, wati 38. Semista ile sikulifanya jaribio mwenyewe. Nilikuwa na vipindi vingi, vikundi vilikuwa na watu wengi kupita kiasi, na nikaona namba ya mwongozo inatosha. Nilisahihisha usiku, mwongozo ukiwa pembeni. Wati 37, sawa. Wati 38.4, sawa. Wati 38, vizuri sana.

Kikundi kimoja kikaandika wati 21.

Ripoti yao ilikuwa ndefu kuliko zote. Walieleza kwamba wamerudia kipimo, wamebadilisha watimita, na wamekagua kizidisho chake (namba ya kuzidisha usomaji wa mita), kwa sababu kwenye saketi wazi kipeo cha nguvu (power factor) ni kidogo na hapo ndipo watu wengi hukosea. Mwishoni waliweka aya nzima kusema kwamba matokeo yao hayalingani na ripoti za miaka ya nyuma na sababu hawajaipata. Mhandisi yeyote mzoefu angeisoma aya ile akasimama. Mimi nilipiga mstari mwekundu, nikaandika "kizidisho kimekosewa", nikawapa 9 kati ya 20.

Walikuja ofisini. Aliyezungumza alikuwa binti mmoja mtulivu, ameshika karatasi ya vipimo vya awali yenye saini ya fundi. Akasema, "Mwalimu, tunaomba twende maabara tukapime pamoja." Ufunguo ulikuwa mezani kwangu. Nikawajibu kwamba darasa zima limepata 38 na wao peke yao wamepata 21, sasa nani amekosea? Wakaaga kwa adabu, wakaondoka.

Jaribio lililofuata lilikuwa la mota ya induksheni. Safari hii ripoti yao ilikuja fupi, safi, na namba zake zilifanana na za wenzao wote. Kasi kwenye mzigo, mizunguko 1440 kwa dakika. Niliwapa 17, na pembeni nikaandika: "Sasa mmeelewa. Endeleeni hivi." Maneno hayo yananiuma kuliko ile 9.

Semista ilipokwisha, fundi alinitajia, katika mazungumzo mengine kabisa, kwamba transfoma ya zamani iliungua insulesheni na ikabadilishwa wakati wa likizo, kabla semista ile haijaanza. Alidhani najua. Jioni ileile tuliiunganisha, mimi na yeye. Wati 21 na ushee. Darasani kilikuwepo kikundi kimoja tu kilichopima kwa kweli. Wengine walichukua desa la mwaka uliotangulia, wakasogeza desimali huku na huku ili zisifanane mno, nami nikawapa alama za juu. Waliosema kweli niliwaadhibu, kisha walipojiunga na wenzao nikawapongeza kwa maandishi.

Nilimweleza mkuu wa idara, suala likapelekwa kwenye kikao, alama zikarekebishwa. Niliwatafuta wanakikundi mmoja mmoja nikawaomba radhi. Yule binti alinisikiliza, kisha akasema, "Mota pia tuliipima, mwalimu. Tulizificha tu zile namba." Alikuwa nazo bado kwenye daftari. Mota ya nguzo nne kwenye hezi 50 ina kasi ya sinkroni, yaani ya uga wake wa sumaku unaozunguka, ya 1500. Wao walikuwa wamepata 1462. Na ilikuwa sahihi, kwa sababu breki ya mzigo ya benchi lile ilikuwa imechakaa na haikuweza kuifikisha mota kwenye mzigo kamili. Ile 1440 ya darasa zima ni kasi ya mzigo kamili iliyoandikwa kwenye kibati cha mota. Waliinakili kutoka kwenye chuma, na mimi nikaisahihisha kwa furaha.

Kwa hiyo sasa ninafanya hivi. Kila mwanafunzi anaandika vipimo vya awali kwa kalamu ya wino, hapohapo benchini. Ninasaini kabla hajatoka. Karatasi hiyo inaambatishwa kwenye ripoti. Namba isiyo ya kawaida iliyoelezwa vizuri inapata alama nyingi kuliko namba nzuri isiyo na maelezo. Na mwanafunzi akiniambia twende tukapime, ninainuka.

4. Kwenye saketi fupi, variaki ianze sifuri. Volti zinazohitajika kupitisha mkondo kamili ni kama asilimia 5 hadi 10 tu ya volti za kawaida, na kikundi kilichotangulia kimeiacha variaki juu kabisa. Mwanafunzi aishike, aizungushe mpaka mwisho, aseme "sifuri" kwa sauti, ndipo uruhusu breka ipandishwe.

5. Asaimenti zitumie namba ya usajili ya mwanafunzi. Tarakimu zake za mwisho ziwe urefu wa laini, mzigo wa basi (kiungo cha gridi) namba 3, chochote kile. Watasaidiana njia, na hilo ni jema, lakini kila mtu atakokotoa lake. Kudesa hakutaisha, maana desa ni urithi: linatoka kwa kaka kwenda kwa mdogo, linapita hosteli hadi hosteli. Kuna kikundi kiliwahi kuniletea ripoti yenye sentensi hii: "Saa nane umeme ulikatika, hivyo tuliendelea kesho yake." Siku ile umeme haukukatika hata dakika moja, ulikatika mwaka mmoja kabla, kwa kikundi kingine, nami nilikuwepo. Niliwaita, tukacheka pamoja, kisha wakarudia jaribio lote mbele yangu. Walilifanya vizuri sana. Mara nyingi anayedesa uwezo anao; ameona tu kwamba hakuna anayemsoma.

6. Basi wasome. Rudisha ripoti kabla ya jaribio linalofuata. Ripoti inayorudi baada ya mwezi ni karatasi ya kufungia maandazi.

7. Vikundi viwe vya watu wanne, na majukumu yazunguke: wa kuunganisha, wa kusoma mita, wa kuandika, wa kukaa na mkono karibu na breka. Usipozungusha, mabinti wataandika semista nzima na vijana wataunganisha semista nzima, na wote watatoka nusu wahandisi. Nafasi ikiwa finyu, ongeza vipindi vya jioni. Ndiyo, mtachoka. Mimi pia nilichoka.

8. Jaribio la kusinkronaizi jenereta, yaani kuilinganisha na gridi kabla ya kuiunganisha, lisifutwe kamwe, hata ratiba ikibana. Najua hoja yenu: siku hizi kazi hiyo inafanywa na relei, swichi zinazojiendesha zenyewe. Lakini tazameni bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji. Mashine tisa, kila moja megawati 235, jumla megawati 2115. Kila mashine inapoingizwa kwenye gridi lazima masharti yaleyale ya benchi letu yatimie: volti sawa, frikwensi sawa, mpangilio wa fezi sawa, na pembe zikutane. Kati ya hawa wanaosinzia kwenye kipindi cha saa nane mchana, wapo watakaokaa kwenye vyumba vya udhibiti, wapo watakaoitwa usiku relei inapokataa kufunga. Nataka mtu huyo awe amewahi kuziona taa tatu zilizounganishwa kati ya jenereta na gridi zikiwaka na kufifia pamoja taratibu, akangoja zizime zote, akafunga swichi kwa mkono wake akasikia mashine ikitulia. Na nataka awe ameona pia taa zikipokezana kuwaka, akakaa akafikiri, akagundua mwenyewe kwamba mpangilio wa fezi uko kinyume, akabadilisha fezi mbili. Usimwambie. Simama nyuma yake, kaa kimya, hakikisha tu hafungi swichi. Ukimya huo ndiyo sehemu ngumu ya kazi yenu, nami huwaona mnashindwa kila mara: mwanafunzi hajamaliza kukunja uso, mhadhiri keshataja jibu.

9. Kwenye mtihani wa mwisho weka swali la maabara lenye jedwali halisi la vipimo, kipimo kimoja kiwe na kasoro, na uliza ni kipi wasichokiamini na kwa nini. Mpelekee mtahini wa nje jedwali hilo pamoja na karatasi ya vipimo vya awali, vinginevyo atadhani umekosea kuchapa.

10. Mwongozo ulioko kwenye faili mlilopewa bado unataja ile transfoma ya wati 38, na mota mbili ambazo hazipo tena maabara. Vifuteni kabla ya wiki ya kwanza, na ukurasa wa majibu utoeni kabisa. Fundi anafungua mapema asubuhi, na ameniambia yuko tayari kupima upya mashine zote pamoja nanyi, benchi moja baada ya jingine, mradi mfike kabla ya wanafunzi na mje na kalamu zenu.